Folda za seva zijiunganishe mtu anapoingia: kupanga pam_mount ofisini

Karibuni. pam_mount ni programu ya Linux inayounganisha folda za seva pindi mtu anapoingia kwa nywila yake. Tuchukue ofisi ya ushirika wa tumbaku hapa Tabora mjini: kompyuta chache za Ubuntu, seva moja ya Samba (programu ya kugawana folda mtandaoni), wafanyakazi wanapokezana viti. Tunataka mhasibu akae kompyuta yoyote, aingie, aikute folda ya hesabu.

Fungua terminali:

sudo apt install libpam-mount cifs-utils

Faili la mfumo mzima ni /etc/security/pam_mount.conf.xml. Lifungue kwa sudo nano, kisha ndani ya <pam_mount> ongeza:

<volume sgrp="wahasibu" fstype="cifs" server="192.168.1.10" path="hesabu" mountpoint="/home/%(USER)/hesabu" options="nosuid,nodev,vers=3.0" />

sgrp ni kundi la mtumiaji, server ni anwani ya seva yako, path ni folda iliyogawiwa huko, na vers ni toleo la itifaki ya kugawana folda. Wengi huweka user="*", nami siipendi: hata akaunti zisizohusika zitajaribu kuunganishwa. %(USER) iache hivyo hivyo, inajijaza. Nywila hatuiandiki popote, hutumika ile ile aliyoingilia mtu. Basi jina na nywila za Samba zifanane na za kompyuta. Kompyuta inayojifungua bila kuuliza nywila haitaunganisha kitu.

Sasa faili la mtu binafsi. Kwenye faili lile lile tafuta mstari wa luserconf, uondoe <!-- na --> zinazouzunguka. Mtumiaji naye aandike .pam_mount.conf.xml kwenye folda yake ya nyumbani:

<pam_mount>
<volume fstype="cifs" server="192.168.1.10" path="picha" mountpoint="~/picha" options="nosuid,nodev" />
</pam_mount>

Hapa ndipo watu hukwama. Folda ya ~/picha ikitengenezwa kwa sudo, mwenyewe anakuwa root (msimamizi mkuu wa mfumo) na pam_mount inagoma. Tumia mkdir tupu, bila sudo. Halafu kwenye faili la mfumo kuna orodha ya mntoptions allow, yaani options ambazo faili la mtu binafsi linaruhusiwa kutumia: vers=3.0 iliyokubaliwa kwenye faili la mfumo, huku kwa mtu binafsi inakataliwa kwa sababu vers haimo. Iongeze hiyo tu. Ukiweka allow="*" umeacha mlango wazi.

Kabla ya kutoka, kagua kila faili kwa xmllint --noout ikifuatwa na jina la faili (ni kikaguzi cha XML, imo kwenye libxml2-utils). Alama moja ya nukuu ikikosekana, mtu anaingia vizuri tu ila folda hazipo, na lawama zote zinaangukia seva.

Toka, ingia tena, andika df -h. Huioni? Kwenye faili la mfumo geuza debug enable iwe "1", ujaribu tena, usome journalctl -b | grep pam_mount. Ila kwanza uliza kama umeme ulikatika: seva huchelewa kuwaka, na aliyewahi kuingia hukosa folda. Seva ikishajibu ping, atoke aingie upya.