Mafuta ya mgongoni: homoni ya ukuaji inafanya nini ndani ya nguruwe

GWAMAKA: Haya, tuko hewani kutoka Mbalizi. Dada Atu, msikilizaji wetu wa Tukuyu ametuma picha ya nguruwe aliyechinjwa. Mafuta ya mgongo yana unene wa vidole vitatu, bucha ikamkata bei. Anauliza: si nilimlisha akashiba?

ATU: Alishiba, ndiyo. Nilimuuliza chakula chake: pumba za mahindi, viazi vidogo vilivyokataliwa sokoni, na machicha ya komoni, ile pombe ya kienyeji. Ni wanga juu ya wanga. Nguruwe hatengenezi mafuta kwenye ini kama sisi binadamu. Anayatengeneza ndani ya seli za mafuta zenyewe, na malighafi yake kubwa ni glukosi, yaani sukari itokanayo na huo wanga.

GWAMAKA: Na insulini, ile homoni ya kongosho, ndiyo inayoiingiza humo?

ATU: Ndiyo bawabu wa mlango. Sasa homoni ya ukuaji, inayotoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, inaifanya seli ya mafuta isimsikilize bawabu huyo. Glukosi inaingia kidogo, na vimeng'enya vinavyounda mafuta vinapungua. Misuli, kwa upande wake, inaendelea kujenga protini, tena kwa kasi zaidi. Kwa kweli hapo ndipo ninapopapenda: homoni ni moja, ila mafuta na nyama vinaitikia kila kimoja kivyake.

GWAMAKA: Ngoja kwanza. Glukosi isipoingia kwenye mafuta, si itabaki kwenye damu? Kisukari hicho!

ATU: Inapanda kidogo, na insulini inapanda zaidi kwa sababu kongosho linasukuma. Lakini nguruwe aliyeongezewa homoni hii pia hupunguza kula, kama asilimia 10 hadi 15. Mwili haujengi tena mafuta mengi, kwa hiyo hauhitaji nishati nyingi vile. Terry Etherton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi.

GWAMAKA: Basi tuchome sindano tumalize kazi.

ATU: Hapana, kaka. Homoni hii ni protini, ukiiweka kwenye chakula inameng'enywa tumboni, kwa hiyo ingekuwa sindano, kwa kawaida kila siku. Umoja wa Ulaya umepiga marufuku homoni za kukuzia mifugo. Na hata ukimchoma, kama anakula pumba tupu, nyama itajengwa kwa kitu gani? Nguruwe huyo anahitaji protini zaidi, hasa laisini, moja ya vipande vinavyounda protini.

GWAMAKA: Msikilizaji wetu afanye nini, basi?

ATU: Atumie homoni aliyonayo nguruwe mwenyewe. Akiwa mdogo inakuwa nyingi kwenye damu, akikua inashuka. Kwa hiyo protini ampe mapema, na auze akifika kilo 80 au 90, asimngojee mpaka Krismasi.

GWAMAKA: Mashudu ya alizeti yanatosha? Huku ndiyo yanayopatikana kirahisi.

ATU: Peke yake hayatoshi, laisini yake ni ndogo. Aongeze dagaa au soya. Na soya asiitoe mbichi! Ina kitu kinachozuia protini kumeng'enywa. Aikaange kwanza mpaka inukie na ganda libadilike rangi, ndipo aisage na kuichanganya na pumba.