Kuiga sumaku za LHC kwa Python: mzunguko mmoja wa protoni

Karibuni. Leo tunaizungusha protoni moja ndani ya LHC, mashine ya kuongezea chembe kasi ya CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia, iliyo chini ya ardhi mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Fungua Python, pakia numpy, maktaba yake ya hesabu, basi.

Kabla ya kuandika msimbo, piga hesabu kwa mkono. Uga wa sumaku kwa tesla ukizidishwa kwa nusukipenyo cha mpindo kwa mita ni sawa na 3.3356 mara momenta kwa GeV/c, kipimo cha momenta wanachotumia wanafizikia wa chembe. Weka momenta ya 7,000 GeV/c na uga wa tesla 8.33: unapata nusukipenyo cha kama mita 2,803.

Ukipata 4,243, umegawa mzingo wote, mita 26,659, kwa 2π. Pete hii si duara kamili. Ina sumaku dipoli (zile zinazopinda njia) 1,232, kila moja mita 14.3, na sehemu zilizonyooka kati yake. Kwa hiyo andika kitanzi: mita 14.3 zenye uga, mita 7.34 bila uga, rudia mara 1,232. Kwenye mashine halisi nafasi hizo hazilingani hivyo, ila kwa zoezi letu zinatosha.

Ndani ya sumaku, sogeza protoni nusu hatua, zungusha vekta ya momenta kwa pembe iliyo sawa na urefu wa hatua gawanya kwa nusukipenyo, kisha sogeza nusu iliyobaki. Usijumlishe tu kani kwenye momenta kama mbinu ya Euler inavyofundishwa darasani. Sumaku hupinda njia, haiongezi nishati; lakini kwa Euler, hatua za mita 1 na mizunguko 100, protoni yako itakuwa imejipatia zaidi ya asilimia 10 ya momenta, bure kabisa.

Endesha. Tazama mwisho wa mstari wa njia ya protoni: umepita pale ulipoanzia kwa kama mita 8.6! Msimbo hauna kosa. Ile 8.33 imekadiriwa, na kosa dogo la kila sumaku limejirudia mara 1,232. Geuza hesabu: nusukipenyo kiwe 1232 × 14.3 / 2π, uga utoke hapo, tesla 8.327. Sasa pete inafunga.

Jaribio la mwisho: ipe protoni mwinuko wa radiani 0.000001 tu kwenda juu. Mzunguko mmoja, imepanda milimita 27, nayo nafasi ndani ya bomba haifiki hata 25 kutoka katikati. Imegonga ukuta. Dipoli zetu haziirudishi katikati wima. Hiyo ni kazi ya sumaku za kwadrupoli, zinazolenga miali ya chembe, na ndizo za kuongeza kwenye kitanzi chako.