Siku ya kwanza Chicago, haya mlioniuliza kaeni hapa

Haya wana Green City, Mbeya yetu, shikamooni wakubwa, wadogo mambo vipi. Hili swali nimelikwepa ila haliishi, kila nikiposti kitu mtu anauliza siku ya kwanza Chicago ilikuwaje, tuonyeshe magorofa. Nikionyesha magorofa naambiwa najishaua, nikisema habari za hela naambiwa nalialia, kwa hiyo leo chagueni wenyewe mtanisema kwa lipi.

Kwanza Chicago sijaja kutembea. Mimi nasoma jimbo la Kansas, kwenye kamji kadogo tu, huku nimekuja kufanya fildi ya summer, kama wale wa chuo cha MUST wanavyoenda fildi, ila hii ina malipo. (Wa Uyole mnaojifunika mablanketi mwezi wa sita, huku mwezi huo huo watu wanatembea na kaptula, msinichukie.) Sasa mwanafunzi wa viza ya F-1 huwezi kuajiriwa nje ya chuo hivi hivi, lazima upate kibali kinaitwa CPT, ofisi ya wanafunzi wa kigeni inakuandikia kwenye I-20 yako, ile fomu ya chuo ya mwanafunzi wa kigeni, jina la mwajiri, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na kabla hakijatoka ukifanya kazi hata siku moja umeharibu kila kitu. Changu kikakaa mezani kwa mtu. Naambiwa subiri, kampuni inauliza unakuja au huji, tiketi ya ndege kila nikifungua imepanda, we acha tu. Karatasi moja hiyo.

Nimetua O'Hare, kuna Mtanzania mwenzetu alisema atanipokea, jina silitaji na msianze kubahatisha huko chini. Simu inaita haipokelewi. Baadaye sana ananiandikia "pole kaka nilikuwa shifti". Shifti naielewa, si ungesema asubuhi basi? Nikaangalia bei ya teksi kwenye simu, nikaifunga haraka nikashuka kwenye treni, Blue Line, inaanzia pale pale uwanjani. Kadi ya Ventra ya kulipia nauli dola 5, nauli ya kutokea uwanjani dola 5 nyingine, yaani elfu ishirini na kitu ya kwetu imeondoka na jiji lenyewe sijaliona, na kilichoniuma zaidi stesheni za mbele nauli ilikuwa nusu yake. Stesheni ya Jackson unashuka unapita njia ya chini kwa chini kuifuata Red Line, begi langu gurudumu moja limekufa, naliburuta linakwaruza sakafu, watu wote wanageuka.

Nimefika mtaa wa Rogers Park saa mbili usiku jua bado lipo, hilo mlishazoea kwenye video zangu. Mwenyeji hakuna. Funguo ziko kwenye kisanduku cha chuma kimefungwa kwenye reli ya ngazi, unatumiwa namba nne, unazizungusha kinafunguka. Kilikuwa na kutu, namba ya tatu imegoma kabisa, nimeinama pale natoka jasho na begi langu bovu, bibi mmoja na mbwa wake wamesimama wananiangalia, nawaza tu asije akaita polisi. Ndani chumba kitupu. Nikalalia godoro la kujaza upepo, kufika alfajiri upepo umeisha mgongo uko sakafuni.

Hela ya chumba sasa. Nyumbani dalali anakula mwezi mmoja, mwenye nyumba anataka ya miezi sita, tunalalamika. Huku kweli unalipa mwezi kwa mwezi, ila wanataka kuona rekodi yako ya mikopo, na mimi sijawahi kukopa popote, sidaiwi na mtu. Basi mtu wa hivyo huku ndo haaminiki! Ikabidi nipange kwa mwanafunzi aliyesafiri, akataka kodi ya mwezi wa kwanza na dhamana ya kiasi hicho hicho ndo anitumie zile namba za kisanduku.

Usiku huo huo nimelala hapo chini, meseji inaingia kwenye grupu la ukoo, "tumesikia umehamia Chicago, mambo safi sasa, usisahau mchango wa sendofu". Jamani. Kazi yenyewe sijaanza, na hata ukianza kampuni yangu inalipa kila baada ya wiki mbili. Nikisema sina naitwa mchoyo, na nani kasema hivyo nimemuona, ni mtu niliyemlipia ada akiwa sekondari.

Haya ni ya kwangu mimi, kuna wenzangu kampuni imewapa nyumba kabisa na wamepokelewa na gari. Ila kama unakuja, hesabu nauli halafu weka pembeni hela ya kula na kulala mpaka mshahara wa kwanza, na anwani mpya wape chuo ndani ya siku 10. Mambo ya CPT msiniulize inbox, muulize afisa wa chuo chako, maana ukiitumia miezi 12 ya muda wote unapoteza OPT, kile kibali kingine cha kazi ambacho wengi wanakitumia wakishahitimu, kwa kiwango hicho cha masomo, nikikudanganya utanilaumu miaka.

Na wajomba wa kwenye grupu, tunapishana masaa nane. Saa mbili asubuhi Mwanjelwa imechangamka, huku ni saa sita usiku. Simu za mchango naomba zianze kuingia jioni yenu.