Kioo juu ya bastola

Mhadhara kwa wamiliki wa silaha, walinzi na waongoza watalii, Njiro, Arusha

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo. Asanteni kwa kuja na baridi hii. Najua kuna waliotoka Usa River na Ngaramtoni, na leo Mlima Meru haujaonekana tangu alfajiri.

Nimeombwa nizungumzie darubini za kulengea zinazofungwa kwenye bastola. Haipiti wiki bila mtu kunipigia: “Mwalimu, nimeona bastola yenye kioo juu, na mimi nifunge?” Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili msikae mkiusubiri. Kioo kinarekebisha kosa la jicho. Kosa la kidole hakiligusi. Na kwa miaka yote niliyosimama nyuma ya watu uwanjani, risasi nyingi za bastola nilizoziona zikipotea zilipotezwa na kidole.

Kwanza tuelewe kwa nini bastola ni ngumu. Kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele kuna kama sentimita 15 tu. Kilengeo cha mbele kikisogea pembeni milimita moja, yaani zaidi kidogo ya unene wa kadi ya benki, basi kwa shabaha iliyo mita 25 risasi inaenda pembeni karibu sentimita 17. Kosa hilohilo kwenye bunduki ndefu ambayo vilengeo vyake vimeachana sentimita 60 linakupeleka pembeni sentimita nne tu na kidogo. Hapo hatujazungumzia kwamba bunduki ina kitako kinachoegemea bega na shavu, na bastola inaning’inia kwenye mikono miwili iliyonyooshwa hewani. Kwa hiyo mtu anayetamani kusaidiwa namwelewa kabisa.

Ila kuna vitu viwili tofauti, na watu wanaviita jina moja. Kuna darubini yenyewe, ile inayovuta kitu karibu mara mbili, mara nne au zaidi. Na kuna kioo cha nukta nyekundu, ambacho hakivuti chochote. Kinakuwekea nukta ya mwanga tu, na wewe unaiweka juu ya shabaha. Faida na hasara zake hazifanani hata kidogo.

Nianze na darubini. Siku moja kijana mmoja alikuja uwanjani na rivolva aliyoifungia darubini ya bunduki ya kuwindia. Alinyoosha mikono, akafumba jicho moja, akasema haoni kitu, ni duara jeusi na mwanga mdogo katikati kama tundu la sindano. Akaanza kuivuta rivolva taratibu kuelekea usoni ili aone vizuri. Kidole kilikuwa kimeshaingia kwenye triga. Nilimshika kifundo cha mkono, na mpaka leo nikikumbuka moyo unanienda mbio. Darubini ya bunduki imetengenezwa jicho likae sentimita nane au kumi kutoka kwenye kioo. Angefyatua hapo, teke la rivolva lingeupeleka ukingo wa chuma moja kwa moja kwenye mfupa wa nyusi. Darubini ya bastola ni kifaa kingine: inatengenezwa ionwe kwa umbali wa mkono ulionyooshwa. Na hata hiyo ina sharti lake. Kichwa kikiinama kidogo au kiwiko kikishuka, picha inatoweka na unabaki na giza.

Halafu kuna mtikisiko, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Hakuna binadamu ambaye mkono wake hautikisiki. Darubini ya mara nne inakuonyesha shabaha mara nne na mtikisiko wako mara nne. Mkono haujawa mbaya zaidi ya jana, ila sasa unauona, na kuuona kunakutia hofu. Msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini unapita katikati, unatoka, unarudi. Mtu anaanza kuuvizia: anangoja upite katikati, kisha anaikwanyua triga haraka kabla haujatoka. Kwa kule kukwanyua, mdomo wa mtutu unainama, na risasi inaingia chini kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Nimeona watu waliokuwa wakipiga kundi la matundu linalofunikwa na kiganja kwa vilengeo vya kawaida, wakafunga darubini, kundi likawa kubwa kama sinia. Darubini ilikuwa nzima. Wao ndio walioanza kukimbizana na msalaba.

Sasa je, haina mahali pake? Inapo. Huko Marekani watu wanawinda kwa bastola tangu risasi ya .44 Magnum ilipotoka mwaka 1955, na mwaka 1967 ikaja Thompson/Center Contender, bastola ya risasi moja inayokunjwa katikati kama bunduki ya shotgun, mtutu mrefu, na wengi waliifungia darubini. Mwindaji wa namna hiyo anakaa, anaegemeza bastola kwenye mfuko wa mchanga au kwenye fimbo za kulengea, ana muda, na mnyama hajui kama yupo. Hapo darubini ya mara mbili inamwonyesha bega la paa kati ya vichaka, na anaweza kuamua kutopiga. Kwa mtu anayejali mnyama asife kwa mateso, hiyo si faida ndogo. Lakini huku kwetu wageni wanaokuja kuwinda wanaleta bunduki ndefu za risasi nene, .375 na wenzake, kwa hiyo sitakaa sana hapo. Nitataja uzito tu: rivolva kubwa ya .44 ina kama kilo moja na nusu kabla hujaongeza kitu, na ukiifunga darubini haiingii tena kwenye ala ya kiunoni. Unaibeba kifuani kama mtoto.

Na kabla hamjasema umbali mrefu hauwezekani bila darubini, niwaambie kuna mchezo wa kuangusha sanamu za chuma uliotoka Mexico. Huko walianza na bunduki. Wamarekani wakautengenezea na wa bastola. Kuku wa chuma mita 50, nguruwe mita 100, bata mzinga mita 150, kondoo dume mita 200. Wachezaji wanalala chini na bastola za mitutu mirefu, na wengi wanamwangusha yule kondoo wa mita 200 kwa vilengeo vitupu vya chuma.

Tuje kwenye nukta, maana najua ndiyo iliyowaleta wengi wenu.

Mzee aliyekaa hapa mbele ameniuliza kabla hatujaanza: “Mbona siku hizi naona vilengeo vitatu?” Mzee wangu, si bastola yako. Kuanzia kwenye umri wa miaka 40 hivi, lenzi iliyo ndani ya jicho inakuwa ngumu na haijikunji tena kuangalia karibu. Ndiyo maana gazeti unalisukuma mbali. Kulenga kwa vilengeo vya kawaida kunalidai jicho vitu vitatu vilivyo umbali tofauti: kilengeo cha nyuma, cha mbele na shabaha. Jicho linaweza kukaza kimoja tu kwa wakati mmoja, na kinachotakiwa kukazwa ni kilengeo cha mbele. Kijana analifanya hilo bila kujua. Mtu wa miaka 50 anaona kilengeo cha mbele kama kidole kilichofungwa pamba.

Nukta inaondoa mgogoro huo. Unaangalia shabaha tu, kwa macho yote mawili wazi, na nukta inatokea palepale shabaha ilipo, kana kwamba iko kule mbali. Waswidi wa kampuni ya Aimpoint walitoa kifaa cha kwanza cha aina hii cha umeme mwaka 1975, kikubwa, cha bunduki. Leo kimepungua mpaka kinakaa juu ya slaidi ya bastola, kile chuma cha juu kinachoteleza nyuma na mbele, na uzito wa gramu thelathini na kitu. Mwaka 2017 jeshi la Marekani lilipochagua bastola yake mpya, slaidi ilikuja ikiwa tayari na nafasi ya kufunga kioo.

Ila kabla hujatoa fedha, nenda kwanza kwa daktari wa macho. Bila kioo inawezekana kupiga vizuri: kwenye Olimpiki vioo vya kulengea vimekatazwa kwa bastola, na duara la alama 10 katika bastola ya hewa ya mita 10 lina upana wa milimita 11.5. Mnamkumbuka Yusuf Dikeç wa Uturuki, Paris 2024? Alikuwa na miaka 51, mkono mmoja mfukoni, miwani ya kawaida usoni, akaondoka na medali ya fedha pamoja na mwenzake Şevval İlayda Tarhan. Kwa hiyo pima kwa utepe umbali wa kutoka jichoni hadi kilengeo cha mbele mikono ikiwa imenyooka, mpelekee daktari, hospitali ya KCMC Moshi au popote unapotibiwa macho, umwambie: nataka nione vizuri hapa. Miwani ile inaweza kumaliza shida yako yote.

Na kuna jambo linalowasumbua watu bila kulijua. Wengine wakiangalia nukta hawaoni nukta, wanaona kimondo chenye mkia, au kishada cha zabibu. Wanarudisha kifaa dukani kwa hasira. Kabla ya kurudisha, ipige picha kwa simu kupitia kioo. Kama kwenye picha nukta ni duara safi, tatizo ni umbo la jicho lako, na kioo kingine cha bei kubwa zaidi kitakuonyesha kimondo kilekile.

Faida ninayoipenda kuliko zote ni hii: nukta ni mwalimu mkali. Thibitisha bastola ni tupu, risasi ziko chumba kingine, elekeza kwenye ukuta usio na mtu nyuma yake, kisha bana triga ukiitazama nukta. Kama kidole kinakwanyua, utaiona ikiruka chini kushoto papo hapo, kabla nyundo haijamaliza kazi. Kwa vilengeo vya chuma ningekuwa nakueleza kosa hilo siku nzima na usiniamini. Nina mwanafunzi mmoja, mama mwenye duka la vipuri, aliyekaa wiki tatu na zoezi hilo peke yake sebuleni kwake. Siku aliyorudi uwanjani matundu yake kumi yalikaa ndani ya kisahani cha chai.

Sasa hasara, na hizi nimezilipia. Nilinunua kioo cha nukta, nikamwachia fundi wa dukani akifunge. Risasi ishirini za kwanza zilienda vizuri. Baadaye matundu yakaanza kuhamia kushoto. Nikajilaumu kidole, maana ndicho ninachowalaumu wengine. Nikabadili mshiko, nikabadili kusimama, nikamaliza risasi sitini. Mwishowe nikakigusa kile kioo kwa kidole gumba, kikacheza kama jino la mtoto lililo karibu kung’oka. Skrubu mbili zilifungwa juu ya mafuta, bila gundi. Fikirini: kioo kiko juu ya slaidi, na slaidi inarushwa nyuma na kupigizwa mbele kila risasi. Siku hizi nafunga mwenyewe. Nafuta mafuta kwa spiriti, natia tone la gundi ya skrubu ya bluu, ile inayokubali kufunguliwa, nakaza kwa bisibisi yenye kipimo kama kitabu cha kifaa kinavyosema, kisha nachora mstari mwembamba wa rangi ya kucha kutoka kichwa cha skrubu hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka. Kila asubuhi nautazama.

Vumbi nanyi mnalijua. Ukitoka Kisongo kuelekea Makuyuni na bastola kiunoni, jioni kioo kina unga. Kwenye vioo vya wazi, yaani visivyofunikwa pande zote, tone moja la mvua likikaa juu ya kitundu kinachotoa mwanga, nukta inasambaa kote. Bastola ikilala kwenye gari usiku kama huu wa jana, ukiingia nayo asubuhi chumba chenye watu na chai inachemka, kioo kinashika ukungu palepale. Betri nayo badilisha kwa tarehe, siku ya kuzaliwa ya mwanao ikifaa, usisubiri nukta ififie. Na vilengeo vya chuma visitolewe. Weka virefu vinavyoonekana kupitia kioo.

Kuna anayeuliza nyuma pale: je, nukta inamchelewesha mlinzi? Mwanzoni, ndiyo. Anachomoa bastola, ananyoosha, kioo kitupu, anaanza kuitikisa akiitafuta kama mtu anayetafuta mtandao wa simu. Nukta haipotei, mtutu umeinuka juu mno. Kuchomoa mara hamsini kwa siku na bastola tupu, kwa mwezi mzima, ndiyo dawa. Asiye tayari kwa mwezi huo abaki na chuma, na hatakuwa amepoteza kitu. Nukta yenyewe chagua kwa kazi: ya dakika 3 za pembe (dakika moja ni sehemu ya sitini ya digrii) inafunika sentimita mbili na kidogo kwa mita 25, ya dakika 6 inafunika zaidi ya nne, kubwa inaonekana haraka, ndogo inalenga kwa usahihi. Na kumbuka kioo kiko juu ya mtutu: kwa mita tatu risasi inaingia kama sentimita mbili chini ya nukta.

Kabla ya kubadilisha chochote kwenye silaha yenye leseni, uliza polisi waliokupa leseni hiyo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 haina mchezo, na fundi wa mtaani hatasimama na wewe mahakamani.

Bastola tatu zilizoko mezani ziko wazi, magazini zimetolewa, tumezikagua mimi na mwenzangu. Hata hivyo kila atakayeishika aikague tena mwenyewe, aelekeze kwenye ndoo ile ya mchanga. Ya kwanza ina vilengeo vya chuma, ya pili nukta, ya tatu darubini ya mara mbili. Zishikeni kwa mpangilio huo. Mzee wangu wa hapa mbele, karibu uanze wewe.