Kabla Hujaniagiza Lethi Ujerumani, Gonga Kwanza Milango ya Nyakato

Mwangaluka, ndugu zangu wa Kanda ya Ziwa! Wazee wangu shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Leo naongea nanyi kutoka Munich, kusini mwa Ujerumani, na mada yetu ni lethi, ile mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikichonga.

Ujumbe unaonifikia mara nyingi kuliko mwingine wowote kutoka Mwanza ni huu: "Kaka, nitafutie lethi ya mtumba huko, niwekee kwenye kontena, nitakulipa kidogo kidogo." Ananiandikia fundi wa kuchomelea wa Buzuruga. Ananiandikia dada wa Sengerema anayeunda mashine za kukuna muhogo. Ananiandikia kijana anayetengeneza karasha, mashine za kuponda mawe, za wachimbaji wadogo wa Geita. Hawa wote ni watu wenye kazi mkononi na wateja mlangoni, na wote wanakwamia palepale, kwenye shafti, ile nondo nene inayozunguka ndani ya mashine. Fremu mtu anaiunda mwenyewe kwa grainda na mashine ya kuchomelea. Lakini shafti inayokaa kwenye beringi lazima ikerezwe, yaani ichongwe kwenye lethi, na kipimo chake kinahesabiwa kwa sehemu ya mia ya milimita. Grainda haifiki huko. Ukiilazimisha, beringi inakufa mapema na mteja anarudi amekasirika.

Jibu langu kwenu ni kwamba msinunue mashine kwanza. Tafuteni mlango wa mashine zilizopo.

Nina sababu. Lethi ya kazi za kweli ina uzito wa tani moja na kwenda juu. Hata ukiipata huku kwa bei nzuri, kuna meli, kuna bandari, kuna ushuru, halafu kuna zaidi ya kilomita 1,100 za barabara kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza. Ikifika, haikai kwenye sakafu ya udongo. Inataka zege nene, isawazishwe kwa kipimo cha maji, la sivyo kila unachokereza kinatoka kimepinda. Inataka umeme wa fezi tatu, volti 400, na kama mtaa wako una fezi moja tu, ndiyo mwanzo wa safari nyingine ya maombi TANESCO. Bado visu vya kukatia, mafuta ya kupozea, na chaki ya akiba, ile sehemu ya lethi inayobana chuma. Baada ya yote hayo, hesabu kwa uaminifu: wewe peke yako utaitumia saa ngapi kwa wiki? Wengi wenu mnaoniandikia kazi ya lethi kwenu haizidi siku moja kwa wiki. Siku zilizobaki mkopo unaendelea kudai huku chuma kimelala.

Huku nilipo tatizo hili watu walilitatua kwa kushirikiana. Hapa Munich kuna nyumba inaitwa Haus der Eigenarbeit, ipo tangu 1987. Mtu yeyote wa mtaani anaingia: mama wa nyumbani, mstaafu, mwanafunzi. Analipia muda anaoutumia, anafanya kazi yake ya mbao au chuma, na fundi mshauri yupo karibu wa kumuuliza. Nje kidogo ya mji, Garching, jirani na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich, mwaka 2015 ilifunguliwa karakana kubwa zaidi, mita za mraba 1,500, ina mashine za kukereza na kuchonga chuma, hata zile zinazoongozwa na kompyuta. Huko unakuwa mwanachama, na kila mashine nzito ina somo lake la kwanza. Hujafundishwa, huigusi, hata uwe na vyeti vya dunia nzima.

Hapa muwe makini, maana watu wanachanganya. Mmesikia habari za fablabu, karakana za ubunifu zilizo wazi kwa watu. Zilianzia chuo cha MIT kule Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000, leo zimeenea duniani, na huko jirani zenu, Chuo Kikuu cha Nairobi wanayo. Ni kitu kizuri sana. Lakini nyingi zimejengwa kwa mashine nyepesi: za kuchapa vitu vya plastiki, za kukata kwa leza, za vifaa vya elektroniki. Anayetaka kukereza shafti ya karasha hatasaidika na mashine ya kuchapa plastiki. Kwa hiyo mtu akikwambia "kuna sehemu ya ubunifu imefunguliwa", swali lako la kwanza liwe: kuna lethi? Kuna umeme wa fezi tatu?

Sasa turudi nyumbani. Mwanza haina upungufu wa mashine kama tunavyodhani. Mji ambao meli ya mita 92.6, yenye uwezo wa abiria 1,200 na tani 400 za mizigo, iliungwa pale Mwanza Kusini mbele ya macho yetu, huo si mji usiojua chuma. Chuo cha ufundi stadi cha VETA kipo Nyakato. SIDO, shirika lililoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1973 mahususi kwa ajili ya viwanda vidogo, lina ofisi ya mkoa hapohapo Mwanza. DIT, ile taasisi ya teknolojia ya Dar es Salaam, wana kampasi yao hapo, na kama kazi yako ni ngozi, hao ndio watu wako. Kuna karakana za watu binafsi ambazo zinachonga spea za boti na za viwanda vya samaki miaka nenda rudi. Kinachokosekana ni utaratibu wa mtu wa nje kuingia, na utaratibu haushuki kutoka mbinguni, unaombwa.

Na namna ya kuomba ndiyo kazi yenyewe.

Usiende na shafti iliyovunjika mkononi ukasema "nitengenezeeni". Ukifanya hivyo wewe ni mteja, utapewa bei na tarehe. Nenda na mchoro. Karatasi moja, vipimo kwa milimita, aina ya chuma, idadi. Mwenye mchoro anaonekana ni fundi mwenzao. Na usiende peke yako. Tafuteni watu watano, sita, wenye kazi zinazofanana, muwe na jina la kikundi na barua. Kwa mkuu wa chuo, kama pale VETA, ombeni muda ambao wanafunzi hawapo: jioni, Jumamosi, wakati wa likizo. Semeni wazi kwamba mnataka mwalimu wa chuo awepo, na kwamba mtamlipa muda wake. Semeni mtaleta chuma chenu na visu vyenu. Semeni pia, kwa maandishi, nani atalipa kitu kikivunjika. Hilo la mwisho ndilo linalomnyima mkuu wa chuo usingizi, na mkilitaja ninyi kabla hajauliza, mmeshafika nusu ya safari.

Kwa karakana binafsi lugha ni nyingine. Yule mzee mwenye lethi amejinyima miaka kuipata, usimwingilie kwa haraka. "Shikamoo mzee wangu. Sijaja kukunyang'anya wateja. Naomba siku unapokuwa na nafasi nilipie saa mbili za mashine, kijana wako aiendeshe, mimi nisimame pembeni nijifunze." Bei ya saa mkubaliane kabla mota haijawashwa. Mwezi wa kwanza usiguse kitu. Mzee akikuona unafagia vipande vya chuma bila kuambiwa, yeye mwenyewe atakuita usogee.

Kuhusu usalama nawasihi kama ndugu. Kwenye lethi glovu hazivaliwi. Najua mnavaa glovu kwenye kuchomelea, na ni sawa, lakini chuma kinachozunguka kikinasa glovu kinauvuta na mkono. Mikono mirefu ya shati ikunjwe juu ya kiwiko, mkufu utolewe, dada zangu nywele zifungwe na khanga ibaki nyumbani. Ufunguo wa chaki usiachwe kwenye chaki hata sekunde moja, maana mashine ikiwashwa unaruka kama risasi. Miwani ivaliwe muda wote. Karakana isiyojali haya, hata ikikupa bei ya bure, ondoka.

Mkishazoeana na kazi ikaongezeka, hapo ndipo tuzungumze kununua, tena kwa kikundi. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela wote wanahusika. Ombi la kikundi chenye daftari la saa za lethi zilizolipiwa na wateja waliohudumiwa lina nguvu kuliko ombi la mtu mwenye ndoto tu. Ila msitegemee ada za wanachama peke yake kuendesha karakana. Kule Marekani TechShop, kampuni ya karakana za wanachama iliyoanza California mwaka 2006 na kusambaa miji mingi, ilifunga karakana zake zote za Marekani Novemba 2017 na kuingia kwenye kufilisika. Mashine nzito zinakula pesa hata zikiwa zimezimwa. Kikundi lazima kiwe pia na kazi za kulipwa, kama spea za boti na vipuri vya mashine za kusaga.

Anayeweza kusafiri, Arusha inafaa kutembelewa. Kuna TEMDO, ya tangu 1980, kazi yake ni kubuni mashine. Kuna Twende, kituo kilichotokana na juhudi za Bernard Kiwia, fundi baiskeli aliyebuni chaja ya simu ya kuendeshwa kwa pedali. Angalieni wanavyopanga vifaa na wanavyofundisha mgeni siku ya kwanza, mje mfanye hivyo Nyakato.

Sasa nawaomba jambo. Wewe unayenitazama ukiwa Igoma, Kirumba, Nyegezi, Magu, Ukerewe, hata Musoma na Bukoba: kama unaijua karakana inayomruhusu mtu wa nje kutumia mashine, niandikie ni mtaa gani, mashine gani, saa moja ni shilingi ngapi, na kama kuna fundi wa kusimamia. Namba za simu za watu msiziweke hadharani, mtu aulizwe kwanza. Nitazipanga kwa wilaya, na video ijayo nitaisoma orodha yote, nikianza na Ilemela.