King na Wazoa Taka wa Memphis

Wazee wangu, ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Kila Jumatatu ya tatu ya Januari Marekani humkumbuka Martin Luther King, na mara nyingi tunarudishwa Washington, mwaka 1963, kwenye hotuba ya ndoto. Leo nawaomba twende Memphis, jiji la kusini mwa Marekani, mwaka 1968. Huko ndiko alikouawa, na kilichompeleka huko kinatuhusu sana sisi tuliokaa humu.

Tarehe 1 Februari mvua ilikuwa ikinyesha. Wazoa taka wawili weusi, Echol Cole na Robert Walker, wakajikinga ndani ya gari la taka, sehemu ya nyuma. Mtambo wa kushindilia ukajiwasha ukawaponda. Na ubovu wa magari yale ulikuwa umeshalalamikiwa! Wenzao walibeba taka kwenye mabeseni yaliyotoboka, uchafu ukiwachuruzikia shingoni. Wapo waliofanya kazi wiki nzima na bado wakategemea msaada wa serikali ili watoto wale. Mzee mwenye wajukuu aliitwa boi, kama babu zetu walivyoitwa kwenye mashamba ya walowezi. Tarehe 12 wakagoma, watu wapatao 1,300, na mabango yao yakasema: "Mimi ni mwanamume."

King alikuwa na kazi nyingine mkononi, akiandaa kampeni ya maskini kwenda Washington. Hata hivyo akaenda. Maandamano ya tarehe 28 Machi yakaharibika, kijana wa miaka 16 akauawa na polisi. King akarudi tena. Tarehe 4 Aprili akapigwa risasi kwenye roshani ya Lorraine Motel, akiwa na miaka 39.

Tarehe 8 mkewe, Coretta, mume hajazikwa bado, alikwenda Memphis na watoto wake akaongoza maandamano ambayo mumewe alikuwa amerudi kuyaongoza. Mimi kila nikimfikiria mama huyu nashindwa kusema nimechoka. Tarehe 16 jiji likakitambua chama cha wafanyakazi na kukubali kuongeza mishahara.

Ndugu zangu, wengi wetu tunaosha maofisi usiku, tunapakia maghalani, tunawahudumia wazee wa watu. Ukumbi huu nao utafagiliwa tukishaondoka. Naiomba kamati, kabla ya kuukodi tena mwakani, imuulize mwenye ukumbi: anayefagia hapa analipwa kiasi gani kwa saa, na akiugua, siku hiyo analipwa?