Beji ya skauti na mlango wa chuo kikuu

Shikamooni wazee wangu. Vijana, habari za jioni. Nashukuru kwa kunialika.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo wazazi hapa Houston wameniuliza kanisani, msikitini, hata msibani: mtoto akifika cheo cha Eagle, kile cha juu kabisa katika skauti ya Marekani, chuo kikuu kitamchukua? Jibu langu ni kwamba cheo peke yake hakimwingizi mtu chuoni. Kazi aliyoifanya mpaka akakipata ndiyo inayoweza kumsaidia, na kazi hiyo ndiyo watoto wetu wanaiacha nje ya fomu.

Skauti kwetu si kitu kigeni. Baden-Powell mwenyewe amezikwa Nyeri tangu 1941, na wengi humu ndani walifunga skafu shuleni. Lakini siku ya kuomba chuo, nani alituuliza habari za skafu? Kenya, nafasi inakwenda kwa alama za KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari. Tanzania, ni ufaulu wa kidato cha sita. Ndiyo maana mzazi akifika Marekani, ama anaona skauti inamwibia mtoto muda wa kusoma, ama amesikia kwa jirani kwamba Eagle ni tiketi. Nawaelewa wote wawili.

Eagle ni cheo cha saba na cha mwisho. Mtoto anatakiwa awe na beji 21, ashike uongozi katika kundi lake, kisha abuni na kuongoza mradi wa kuifaa jamii, na mradi huo uidhinishwe kabla hajaanza. Haya yote ayamalize kabla ya kutimiza miaka 18. Wa kwanza alikipata mwaka 1912, na kufikia 2009 walikuwa wametimia milioni mbili. Kabla ya janga la Uviko walikuwa wakiongezeka zaidi ya 50,000 kwa mwaka. Harvard inachukua wanafunzi wapya wapatao 2,000 tu. Kwa hesabu hiyo, ofisa udahili anayesoma neno Eagle ameshalisoma mara nyingi wiki hiyohiyo.

Tuanze na hapa nyumbani. Sheria ya Texas ya 1997 inampa nafasi katika vyuo vya jimbo mwanafunzi aliye katika asilimia 10 ya juu ya darasa lake. Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin kimebana zaidi. Kwa wanaoanza 2026 ni asilimia 5. Mtoto aliye ndani ya asilimia hiyo anaingia, awe skauti asiwe skauti. Lakini sikilizeni hapa, maana wengi wanaumia: sheria inampa chuo, haimpi kozi. Anayetaka uhandisi au biashara atashindanishwa upya, na hapo wanasoma insha na shughuli zake. Wasio ndani ya asilimia hiyo wanasomwa hivyo tangu mwanzo.

Vyuo binafsi vikubwa navyo vina mizani yao. Kesi ya udahili iliyosikilizwa Boston mwaka 2018 ilionyesha kwamba Harvard humpa mwombaji alama ya masomo, ya shughuli za nje ya darasa, ya michezo na ya hulka, kila moja peke yake, 1 ikiwa ndiyo bora. Skauti inaweza kugusa mbili kati ya hizo. Ila haiwezi kufidia hesabu aliyoanguka, na mzazi asidanganyike.

Sasa fomu yenyewe. Common App, inayotumiwa na vyuo vingi, inampa mtoto nafasi ya shughuli 10, na kila moja aieleze kwa herufi zisizozidi 150, nafasi zikihesabiwa. Niliwahi kukaa na kijana wa familia kutoka Kongo. Aliandika: Eagle, beji 21, kambi, huduma kwa jamii. Nikamuuliza, mradi wako ulikuwa nini? Akasema, matuta ya mboga nyuma ya zile nyumba wanakofikia wakimbizi. Nani alifanya kazi? Watu 14, wengine kina mama wa rika la bibi yake. Mliongea lugha gani? Kiswahili, Kinyarwanda, Kiingereza. Yeye ndiye aliyekuwa akitafsiri. Mbona hukuandika? Akanitazama, akasema, "Mjomba, ile si ilikuwa kazi tu?"

Tukaandika upya, kwa Kiingereza bila shaka, lakini maana yake ni hii: Niliongoza watu 14 kujenga matuta 9 ya mboga kwa familia za wakimbizi, nilikusanya dola 1,100 na kutafsiri lugha 3. Kila neno lilikuwa kweli. Sisi tumelelewa tusijisifu, na ni malezi mema, lakini msomaji wa fomu hana njia nyingine ya kujua.

Wengi hukosea tarehe. Maombi ya mapema hufungwa mwanzoni mwa Novemba, mengine mengi Januari, na vijana wengi humalizia Eagle wakiwa na miaka 17 na miezi 11. Cheo kikija Machi, fomu imeshakwenda. Asiyekipata bado aandike cheo alicho nacho na mradi anaoendelea nao. Akikipata, akijulishe chuo. Asiandike cheo ambacho hajapewa. Vyuo hufuta nafasi kwa uongo wa namna hiyo.

Wasichana wanaweza kuingia programu ya Eagle tangu 2019, na Girl Scouts wana Nishani yao ya Dhahabu, isiyopungua kwa uzito hata kidogo. Lakini najua kwa nini mabinti wetu ni wachache huko. Jumamosi mama yuko zamu, binti anabaki na wadogo zake. Dada zangu, fomu ileile ina kipengele cha majukumu ya familia. Binti anayepika, anayewafundisha wadogo zake, anayemtafsiria bibi hospitalini, aandike hayo pamoja na saa anazotumia kwa wiki. Ni shughuli kama shughuli nyingine, na inasomwa. Linaniuma kumwona binti aliyebeba nyumba tangu ana miaka 12 akiacha ukurasa ule mtupu kwa sababu hana beji.

Mwenye mtoto wa darasa la sita au la saba anayependa kambi na mafundo, mpelekeni. Muda upo, na makundi mengi hukutana makanisani. Asiyependa, msimlazimishe kwa ajili ya chuo. Wa darasa la 12, nitabaki hapa mezani mpaka saa tatu usiku. Njooni na fomu zenu tuzisome pamoja, tukianzia ukurasa wa shughuli.